Matanga ya Hoteli ya Mwaija

Ifahamike kwa wananchi wote, wa milimani na wa mabondeni, kwamba mwaka ule watu walipokwisha kuhamishiwa vijijini, na waliobaki wakawa wanatafutiwa pa kuhamia, Halmashauri ya Mji Mdogo wa Kwemdimu ilipitisha kwa kauli moja azimio la kustawisha biashara. Halikuwa azimio la mchezo. Lilitaka biashara istawi kabla ya masika, na ikiwa masika yangewahi kufika, basi yasubiri.

Kwemdimu usihangaike kuutafuta kwenye ramani. Ulikuwa njiani kati ya Korogwe na Handeni, pale ambapo malori ya mkonge na mahindi yalipunguza mwendo kwa ajili ya mashimo. Kazi ya kutekeleza azimio alikabidhiwa Ndugu Habakuki Semboja, Msambaa wa Bungu, aliyekuwa na cheo cha Bwana Biashara na suti mbili za Kaunda: moja ya kuvaa, na ya pili ya kuhamia nayo Tanga. Maana ilikuwa imeahidiwa kwamba Mratibu wa Ustawi wa Kanda angezuru miji midogo yote, na Bwana Biashara atakayekutwa na biashara iliyostawi angehamishiwa Tanga mjini, kwenye umeme na maji ya bomba. Habakuki aliitaka Tanga hiyo mpaka akawa anaiota mchana. Mkewe Agripina alikwisha kufunga masufuria kwenye gunia, hivyo nyumbani kwao walikuwa wakipika kwa kuazima.

Kwa kuwa alikuwa mtu wa utafiti, Habakuki alianza kwa kuzichunguza biashara zote za mji. Akakuta ni moja. Zamani alikuwapo fundi baiskeli, lakini alipelekwa kwenye shamba la pamoja la pamba, ambako hapakuwa na baiskeli. Duka la Mwarabu lilifungwa ili kupisha duka la ujamaa, na duka la ujamaa lilikuwa linasubiri bidhaa. Ikabaki hoteli ya Mwaija. Kitaalamu Habakuki aliliona jambo hili kuwa neema, kwani nguvu zote za halmashauri sasa zingeelekezwa mahali pamoja bila kutawanyika.

Hoteli yenyewe ilikuwa banda la udongo lililoezekwa nyasi, lenye viti virefu viwili vya mbao na mafiga matatu ambayo Mwaija aliachiwa na mama yake. Juu ya mafiga hayo ilichemka chai ya tangawizi tangu alfajiri, na pembeni mihogo ikikaangwa. Madereva waliuona moshi wake tangu kilimani, wakajua kwamba Mwaija ameamka, na miguu ikaanza kutafuta breki. Mwaija binti Athuman alikuwa mjane, Mzigua wa papo hapo, na kwa mafiga hayo alikuwa amelea watoto wake wote na sasa analea wajukuu. Hakuwa na shamba wala ng'ombe.

Tatizo lake kwa upande wa itifaki lilikuwa utani. Wazigua na Wasambaa ni watani, na Mwaija hakuona sababu ya kuacha kwa vile tu mtani wake amepewa ofisi. Kila Habakuki alipoingia, alimuuliza mbele za watu kama huko mlimani wameshamaliza kula viazi mpaka wamemtupa huku. Habakuki alipenda utani kama Msambaa yeyote, na moyoni alikuwa na majibu mazuri kuhusu njaa ya Handeni. Lakini cheo kilimbana. Ikabidi apendekeze kwenye kikao kwamba utani usimame saa za kazi, na kikao kikakubali, isipokuwa Mzee Mwinjuma, mwenyekiti wa halmashauri, aliyeuliza kama msibani ni saa za kazi au la. Akajibiwa kwamba swali hilo litaangaliwa baadaye.

Ndipo msaada ukaanza.

Kwanza iliundwa Kamati ya Kuunga Mkono Hoteli. Kamati ilihitaji pa kukutania, na kwa kuwa viti vya kukalia mjini vilikuwa vya Mwaija, ikakutana hapo kila asubuhi, saa ile ile ambayo malori yalifika. Mazungumzo ya kamati yalikuwa ya siri, kwa hiyo wateja waliombwa wasubiri nje, mbali kidogo. Chai iliyonywewa na wajumbe ilihesabiwa kuwa mchango wa mwananchi katika maendeleo yake mwenyewe.

Baadaye iligundulika kwamba malori yanatimua vumbi, na vumbi ni adui wa ustawi. Yakatafutiwa maegesho ng'ambo ya kilima, mahali pazuri, penye upepo, ambapo hoteli haionekani. Kisha likachongwa bango. Fundi aliambiwa lisipungue ukubwa wa azimio, akafanya kama alivyoambiwa. Liliandikwa KITUO CHA MFANO CHA USTAWI WA BIASHARA NDOGONDOGO, na liliposimamishwa mbele ya hoteli liliziba mlango, dirisha na sehemu ya paa. Ukitoka Korogwe uliliona bango vizuri sana. Hoteli ilibidi uizunguke.

Mwaija hakugomba. Alimwambia Habakuki tu kwamba siku hizi anapika sufuria ndogo, na hata hiyo inabaki. Habakuki alimweleza kwa upole kwamba hicho ni kipindi cha mpito.

Lakini kilele cha msaada kilikuwa jiko. Kamati iliona aibu kwamba kituo cha mfano kinapikia mafiga kama vile uhuru haujafika. Ikaagiza jiko la kisasa la chuma, lenye bomba la moshi, na kwa kuwa jiko lingewasili wakati wowote, mafiga yaliondolewa mapema ili lisikute nafasi haipo. Siku hiyo Mwaija alikuwa kisimani. Aliporudi na ndoo kichwani alikuta majivu, na mafiga ya mama yake yako nje yamekandamiza miguu ya bango, kwa sababu upepo ulikuwa unalitikisa.

Alitua ndoo. Aliyatazama yale majivu, halafu akaingia ndani. Habakuki, aliyekuwa amesimama pale na maelezo yake yote tayari, alijisikia vibaya, na hakupata kifungu chochote cha kanuni cha kuiweka hisia hiyo.

Jiko halikuja. Siku mbili kabla ya ziara zilipatikana habari kwamba limeshushwa kimakosa mji mwingine, ambako wamelifungia stoo kwa usalama. Na asubuhi ya siku ya ziara yenyewe, Habakuki akiwa amevaa ile suti ya Tanga, alisikia kilio. Alikimbia mpaka hotelini, akazunguka bango, akakuta mikeka imetandikwa. Wanawake wa Kwemdimu wamejifunga vilemba, wamekaa. Katikati yuko Mwaija, kajitanda kaniki mpaka kichwani.

"Shikamoo mama," alisema Habakuki, ambaye hakuwa amemwamkia hivyo tangu apate cheo. "Nani amefariki?"

"Marahaba. Moto umekufa, Msambaa. Mama yangu aliuwasha, mimi nikaukuta, leo umekufa mikononi mwangu. Tumeweka matanga."

Habakuki aliangalia saa. Alimsihi aahirishe, hata mpaka jioni. Alimweleza habari za Mratibu, habari za Kanda, na mwishoni, kwa sababu hakuna kilichosaidia, habari za Tanga na masufuria ya Agripina yaliyofungwa kwenye gunia. Alisema yote hayo huku akijua anavyosikika. Mzee Mwinjuma naye alifika, kavaa rasmi kwa mapokezi. Aliutazama msiba, akatafakari kidogo, akavua kofia yake na kukaa mkekani, kwa maelezo kwamba yeye ni Mzigua na kwa hiyo ni mfiwa.

"Sasa wewe unasimama msibani na suti, unangoja nini?" Mwaija alimuuliza Habakuki. "Watani wangu ni nyie. Alipokufa baba yako kule Bungu, nani walipanda na majembe kwenye mvua?"

Habakuki alilikumbuka vizuri, kwa kuwa alikuwapo. Wazigua walipanda milima ile wanateleza, wakachimba kaburi la baba yake huku wakilalamika kwa sauti kwamba marehemu alikuwa mfupi lakini amewapa kazi ya mtu mrefu, mpaka mama yake, aliyekuwa hajala tangu usiku uliotangulia, akacheka. Na aliyeosha masufuria siku zile zote, akikataa kusaidiwa na yeyote, alikuwa Mwaija huyu huyu. Mtani anayekwepa kazi ya msiba hana pa kuuweka uso wake, si Bungu wala Handeni. Habakuki alilijua hilo kuliko alivyolijua azimio lolote. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Akavua koti, akalikunja, akalitundika mtini.

Waombolezaji ni lazima wapewe chai, na chai inataka moto, na moto unataka mafiga. Hapakuwa na njia nyingine. Habakuki alipiga magoti mbele ya Kituo cha Mfano na kuling'oa figa la kwanza, kisha la pili. Alipovuta la tatu bango lilienda kifudifudi, taratibu, likalala vumbini na ustawi wake wote. Kule kilimani dereva mmoja aliuona mlango wa Mwaija kwa mara ya kwanza tangu msaada uanze, na baadaye kidogo akauona moshi. Akasimamisha lori. Aliposikia kuna msiba akatoa pole, akapewa chai, akakaa. Wa nyuma yake naye akasimama.

Mratibu wa Kanda alipowasili na Landrova yake, na makatibu wake nyuma, alikuta barabara imejaa malori na Bwana Biashara yuko chini anapuliza moto, macho mekundu, suti imejaa majivu. Mratibu huyo, Ndugu Mihayo Kasanga, alikuwa mtu mzito, mwenye hotuba ndefu mfukoni. Aliuliza kwa ukali marehemu ni nani.

"Ni hoteli, mheshimiwa," alisema Habakuki. "Iliungwa mkono ikafa."

Akaona kwamba Tanga imekwenda. Ajabu ni kwamba alijisikia mwepesi. Mratibu alivuta pumzi ya kukemea, lakini Mwaija alikuwa ameinua kichwa kwenye kaniki.

"Huyu baba ni Mnyamwezi?" aliuliza.

Mratibu alikiri kwamba ni mtu wa Tabora, ila yuko kwenye ziara ya kiserikali.

"Karibu mtani. Babu zako walipita hapa na mizigo ya watu kichwani, hakuna aliyewauliza wako kwenye ziara gani. Kisima kiko kule chini. Ndoo hizo hapo."

Makatibu waliangalia viatu vyao. Mratibu alitazama ndoo, akatazama Landrova, akatazama wale wanawake wote waliokaa wakimngoja bila haraka yoyote. Angeweza kuamuru. Lakini naye alikuwa na mama Tabora, na mama huyo angezipata habari, maana habari za mtani aliyekimbia msiba hazihitaji posta. Alitoa ile hotuba mfukoni, akampa katibu wa kwanza amshikie, akakunja suruali. Katibu wa kwanza alipoambiwa kwamba yuko kwenye njia ya moshi, aliitumia hotuba kupepea moto. Wa pili, Msambaa wa Lushoto, alikabidhiwa mihogo amenye.

Mpaka adhuhuri hoteli ya Mwaija ilikuwa na wateja kuliko siku yoyote inayokumbukwa, kwa sababu habari kwamba wakubwa wa Kanda wanachota maji Kwemdimu ilikuwa imefika Korogwe, na watu walikodi gari kuja kutoa pole. Kila aliyekunywa alitoa ubani. Mratibu alipanda na kushuka kisimani akiimba, na madereva wakamtania kwamba anamwaga, naye akawajibu vibaya kwa furaha kubwa.

Ripoti yake ilikuwa fupi. Alieleza kwamba ameona kwa macho yake biashara iliyostawi, na kwamba siri yake ni viongozi kuacha vikao na kushika ndoo. Kwa hiyo mtindo wa Kwemdimu uigwe katika Kanda nzima bila kuchelewa. Wenzake Habakuki wa miji mingine, watu waliosoma, walijikuta wakipasua kuni, na wanamtukana mpaka leo. Mratibu mwenyewe ilimbidi arudi kwenye arobaini, kama desturi inavyotaka, na alikuja na shoka lake.

Kuhusu Habakuki, iliamuliwa kwamba uhamisho wa Tanga usubiri, kwani si vizuri kumwondoa mtaalamu kwenye mradi. Abaki kituoni, akisaidia kisima na kuni, hadi matanga yatakapoondolewa. Na matanga, kama anavyojua kila mtu, huondolewa na mfiwa.

Agripina alifungua gunia, akatoa masufuria. Jiko la kisasa lilifika mwaka uliofuata, na Mwaija akaliweka nje, kuku wakatagia humo. Habakuki akawa mchota maji mzuri, na zile hoja zake kuhusu njaa ya Handeni hatimaye akapata nafasi ya kuzitoa, moja baada ya nyingine, mbele ya madereva wote. Nyingine zilichekwa sana.

Jioni moja, akiwa anaosha vikombe, alimuuliza Mwaija kwa heshima zote matanga haya yataisha lini.

Mwaija alisogeza kuni ndani ya mafiga ya mama yake, akafikiri.

"Siku nitakayosahau ulivyonisaidia, mtani," alisema. "Maji yamekwisha."

Habakuki akachukua ndoo.