Jinsi Nilivyozipima Zana kwa Haki

Trondheim. Jumatatu, 7 Februari 1994
Bosi Asbjørn kaamua. Ofisi haiwezi kulea zana mbili za kuundia madirisha ya programu za kompyuta. Ijumaa hii zana moja itabaki, nyingine itatupwa. Yangu nimeihangaikia miaka mitatu! Ya mwenzangu Sunniva ina miezi minane, bado inanyonya. Nimejitolea kuandika vigezo vya kuzilinganisha. Kwa haki, bila shaka. Cha kwanza: umri wa zana. Cha pili: unene wa kitabu cha maelezo. Changu kina kurasa mia sita.

Jumanne, 8 Februari
Sunniva kavisoma, kacheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Kauliza mbona sikuweka na urefu wa ndevu. (Ningeshinda hapo pia.) Asbjørn kavichana. Sote tutaunda programu ileile: dirisha moja, orodha ya meli za bandarini, kitufe cha kutafuta. Safi! Kwa zana yangu naiunda nikiwa nimefumba macho.

Jumatano, 9 Februari
Balaa. Sunniva kasema kila mtu akitumia zana yake, tutapima watu, si zana. Basi tubadilishane. Asbjørn kakubali papo hapo! Mchana nikala mkate na jibini la kahawia nikiwaza. Kisha nikapata wazo. Nitaandika programu ovyo makusudi. Zana yake itaumbuka.

Alhamisi, 10 Februari
Sijawahi kuandika ovyo hivi. Vipimo sikuweka. Hatua nimeziruka. Zana yake ikanionyesha kila kosa lilipo, vitufe ikavipanga yenyewe. Saa tano asubuhi programu inafanya kazi! Nikajaribu kuiangusha. Wapi. Sunniva kaja na kitabu changu, kafika ukurasa wa mia nne. Kauliza kwa upole kwa nini kitufe kinatokea nje ya dirisha. Nikamwambia ndivyo kilivyo.

Ijumaa, 11 Februari
Matokeo yametangazwa wakati wa kula mikate ya vafeli na jamu, ofisi nzima ipo. Mimi: muda wa saa tatu tu. Sunniva: siku mbili, na kitufe bado kiko nje.
“Hongera, Oddvar,” bosi kasema. “Hakuna aliyeitetea zana ya Sunniva kama wewe.”
Makofi. Sunniva kaniongezea jamu, kaniambia, “Usinune bwana, kula.” Nimekula. Roho inaniuma mno. Miaka mitatu!
Nimekata rufaa kwa maandishi. Ulinganisho haukuwa wa haki hata kidogo: zana yake ilitumiwa na bingwa, yangu ikaachiwa mwanagenzi.