Mfugaji Bora wa Sebuleni

Jumatatu, 3 Machi

Wiki ya tatu tangu Baba Mkwe ahamie sebuleni kwetu na goti lake lililopasuliwa. Hospitali walisema apumzike. Mke wangu, kwa huruma zake zisizo na mipaka, akampa tableti na kumwingiza kwenye mchezo wetu wa ufugaji. Mchezo wangu! Ile dunia ya vitofali ambamo unakata miti, unajenga zizi, unawalisha kondoo wawili ngano, mioyo myekundu inaruka juu ya vichwa vyao, na kitoto kinatokea. Nimefuga humo miaka miwili. Nina kondoo kumi na mmoja na ng'ombe mmoja aliyekwama kwenye paa.

Baba Mkwe ana siku kumi na tisa. Ana mbuzi sitini, farasi wanane, mifereji ya maji, na banda la kutenga wagonjwa, ingawa humo ndani wanyama hawaugui. Alikuwa daktari wa mifugo kwa miaka arobaini. Kwa nini hilo halihesabiwi kuwa udanganyifu, sijui.

Leo Shemeji, mdogo wake mke wangu, ambaye ndiye mwenye seva, kompyuta inayoendesha dunia yetu, na kwa hiyo anatuamuru sote, ametangaza maonyesho ya ranchi Jumapili saa kumi. Mshindi anapewa lile bonde lenye mto. Baba Mkwe akaomba kuiona ranchi yangu. Akaitazama kwa muda mrefu. Akauliza, kwa upole kabisa, kama lile ni zizi au ni ajali.

Bonde lazima liwe langu.

Jumanne, 4 Machi

Mpango: wingi. Ubora ni wa watu wenye nafasi. Kwenye mchezo huu ukitupa yai chini, mara mojamoja kifaranga kinatoka. Nimetupa mayai asubuhi nzima, simu ikiwa chini ya meza ya kazi. Mimi ni fundi miwani. Kazi inataka macho mawili. Nikaipa moja.

Kufika saa sita nilikuwa na kuku mia nne na kumi katika banda la hatua nne kwa nne. Saa sita na dakika tano dunia ikasimama. Farasi wa Baba Mkwe wakaganda hewani katikati ya kuruka. Shemeji akapiga simu ya dukani, ikapokelewa na Bosi. Bosi akanifikishia ujumbe bila kubadilisha uso: kwamba shemeji yangu anaomba nipunguze kuku. Kisha akauliza kwa nini mteja wa saa tano anasema barabara imeinama. Nilikuwa nimemwekea lenzi ya kulia upande wa kushoto.

Jioni Baba Mkwe alitaka tu kujua kama nilikuwa nimepanga kuwaachia kuku nafasi ya kugeuka. Nimekwenda kulala mapema.

Alhamisi, 6 Machi

Kuku wameondolewa, pamoja na heshima yangu. Mpango mpya: upelelezi.

Mchana Baba Mkwe alikuwa kwenye mazoezi ya goti. Nikaingia ranchini kwake. Kila kitu safi, kila mlango umefungwa, inachefua. Lakini nyuma kabisa, chini ya dirisha la nyumba yake, nikamkuta kondoo jike mmoja peke yake. Wa zambarau. Maua yamepandwa kumzunguka. Juu ya kichwa kibao cha jina: MWENZANGU.

Nikacheka. Mtu mzima anamwita kondoo mwenzangu! Kisha nikaacha kucheka. Mfugaji kama yule hatengi kondoo mmoja bure. Mbegu adimu! Silaha yake ya siri ya Jumapili! Nikaamua kumwazima saa moja tu, apandishwe na dume langu, nipate kundi la zambarau, nimrudishe. Wala si wizi. Wizi ni pale usiporudisha.

Nikamfunga kamba. Akanifuata bila ubishi, jambo ambalo hakuna mwingine wa familia hii aliyewahi kunifanyia. Tulipofika darajani akatokea mbwa mwitu. Nikachomoa upanga. Mbwa mwitu nikamkosa.

Mwenzangu nikampata.

Pigo moja. Mimi ambaye siku nyingine napiga kuku mara sita. Pakabaki furushi la sufu ya zambarau na mapande mawili ya nyama, vyote vikaingia vyenyewe kwenye mkoba wangu. Mbwa mwitu akaning'ata nikabakiza moyo mmoja wa uhai. Ikabidi nile kitu. Nilichokula sitaki kukiandika.

Ijumaa, 7 Machi

Nimetengeneza mwingine. Bahati nzuri mazoezi ya goti yalimchosha Baba Mkwe, tangu jana hajaigusa tableti. Kondoo mweupe, rangi ya zambarau, dakika mbili. Kibao cha jina ndicho kilichonitesa, maana mchezoni hupatikana kwa kuvua samaki tu. Nimevua chini ya meza ya kazi tangu asubuhi. Viatu vibovu sita, samaki wasio na idadi, hatimaye kibao! Nikaandika jina harakaharaka kwa sababu Bosi alikuwa anakuja, nikamsimamisha kondoo palepale kwenye maua. Hata mama yake asingetambua.

Wakati wa chakula cha jioni Baba Mkwe alikuwa bafuni. Nikamuuliza mke wangu, kama mtu asiye na haja, kwa nini baba anamwita kondoo vile. Akaweka kijiko chini. Akasema ndivyo alivyomwita mama kwa miaka thelathini na minane, hakuwahi kumwita kwa jina. Zambarau ni sweta la mama, lile alilolivaa mpaka viwiko vikatoboka. Tangu mama afariki mwaka jana baba alikuwa haongei, mpaka alipompata huyo kondoo. Kila asubuhi kabla hatujaamka anakaa na chai yake na kumsimulia goti limelalaje.

"Anajua ni kondoo," mke wangu akasema. "Lakini anajua pia anaongea na nani."

Nikasema mboga imezidi chumvi. Haikuwa na chumvi kabisa.

Jumamosi, 8 Machi

Nilijificha jikoni nikichungulia. Baba Mkwe akakaa na chai. Akafungua tableti. Akaisogeza karibu. Akaisogeza mbali. Hakusimulia kitu.

Kisha akaniita. Akasema, mkwe wangu, nadhani macho yangu yameanza kuniacha, kuna herufi siioni. Akanionyesha. Juu ya kichwa cha kondoo wangu kulikuwa kumeandikwa MWENZAGU.

Hapo ndipo mwanamume mwaminifu angepiga magoti. Mimi nikamchukua kwa teksi mpaka dukani nikampima. Akasoma ubao wote. Akasoma mstari wa chini ambao mimi mwenyewe naujua kwa kukariri. Akasoma na jina la kiwanda kwenye pembe ya ubao. Macho ya mwewe! Nikakohoa, nikamwambia kwamba uwezo wa kuona umeshuka kidogo, ni mambo ya umri.

Akanitazama. Akasema sawa, wewe ndiye mtaalamu.

Nikamtengenezea miwani ya kioo kitupu kwenye fremu nzuri kuliko zote dukani. Sijawahi kukata lenzi kwa uangalifu kama ule. Bosi alisimama nyuma yangu na kusema kumbe naweza.

Jumapili, 9 Machi

Saa nane Baba Mkwe akaniambia nikae. Alikuwa ameivaa ile miwani.

"Miwani yako nzuri sana," akasema. "Sasa naona wazi kabisa kwamba N moja haipo. Niambie alikufaje."

Nikamwambia. Kamba, daraja, mbwa mwitu, upanga. Akasikiliza kama anavyosikiliza habari za ng'ombe mgonjwa, bila kunikatiza. Akauliza sufu iko wapi. Nikasema ninayo. Akauliza nyama. Nikasema limebaki pande moja. Akauliza la pili limekwenda wapi.

Nikajifanya naisoma saa ya ukutani.

Nikasema nilikuwa nimebakiza moyo mmoja.

Akainamisha kichwa. Mabega yakaanza kutikisika. Nikajua nimemliza mzee wa watu. Kumbe anacheka. Alicheka huku ameshika goti kwa mikono miwili, machozi yanatiririka chini ya kile kioo kitupu, mpaka mke wangu akatoka mbio jikoni akidhani mshono umefumuka.

Alipotulia akavua miwani na kujifuta.

"Mama yao alikuwa anakukubali," akasema. "Kila siku ananiambia, huyu kijana ana kitu. Namuuliza, kitu gani? Amekwenda bila kunijibu."

Nikampelekea ile sufu. Akaitandika ndani ya nyumba yake, chini ya dirisha. Kondoo mpya hakumfukuza. Akasema huyu hana kosa, akae hapo na jina lake mwenyewe. Nilimsikia akimwambia, Mwenzagu, wewe kaa mbali na daraja.

Nikaenda bafuni nikafungulia bomba. Vumbi liliniingia machoni.

Maonyesho: Baba Mkwe wa kwanza. Wa pili mke wangu. Mimi wa nne, ingawa tulikuwa watatu. Shemeji amesema ng'ombe wa kwenye paa ameonyesha nidhamu zaidi.

Jumanne, 11 Machi

Mimi ni mtu mwingine kabisa. Baba Mkwe mwenyewe ameliona hilo. Leo amekwenda kutolewa nyuzi za goti, kwa muda wa saa tatu nzima, na ameniachia mimi ranchi yake pamoja na bonde jipya. Mimi! Nimeomba ruhusa kazini. Bosi amekubali haraka kuliko nilivyotegemea.

Ameniachia pia karatasi ya maagizo kwa mwandiko wa daktari. Kondoo wapewe ngano mara moja. Mbuzi wasizidi sitini. Farasi wasitolewe. Kuku wasikanyage hapo.

Nimeisoma mara mbili, neno kwa neno, kama mtu aliyebadilika. Kondoo, mbuzi, farasi, kuku. Kuhusu sungura hakuna hata nukta.

Saa nne na nusu: wawili. Saa tano: tisini na sita, wote kwenye shamba lake la karoti, wanapendeza ajabu. Mzee wa watu anapenda wanyama. Natamani kuuona uso wake akirudi.