Bahasha Niliyokataa Kuisaini

Jumatatu, 9 Juni

Waraka umebandikwa ubaoni. Kuanzia Ijumaa kila meza iwe na vitu vitatu tu: kompyuta, kikombe cha kalamu, na faili moja, lile unalolishughulikia. Mkuu wa Utawala atapita mwenyewe kukagua. Hakueleza sababu. Mimi sababu naijua. Kiti cha mkuu wa masjala kiko wazi tangu mzee wetu astaafu, na mama yule hafanyi jambo bure. Anatafuta mtu nadhifu.

Nimekaa masjala miaka kumi na moja. Ulizia faili lolote la ofisi hii, nitakwambia liko wapi nikiwa nimefumba macho. Tatizo ni kwamba mengi yako mezani kwangu. Marundo saba. La nne limeegemea ukuta, na ukiligusa, la tano linaondoka nalo.

Mpinzani ni mmoja tu, jirani yangu wa meza. Tunamwita Bi Rula, kwa sababu stepla, punchi na mhuri wake huvipanga kwa kupima. Leo kaniuliza kama nataka anisaidie kupanga. Anisaidie! Nikamwambia ahsante dada, nitamudu. Huku macho yake yako kwenye rundo la pili. Nimelihamishia upande wa ukutani.

Nyumbani nimemwambia mke wangu cheo kimeshakuwa changu. Kafurahi, kampigia mama yake papo hapo. Sasa sina pa kurudi nyuma.

Jumanne, 10 Juni

Tarishi kaniletea bahasha ya kaki. Jina langu juu, mhuri mwekundu: SIRI. Kaninyooshea daftari nisaini kwamba nimepokea. Nikawaza. Siri gani hii inayoletwa mchana kweupe, mbele ya Bi Rula, siku moja baada ya waraka? Kuna mtu anataka karatasi ya siri ikutwe imezagaa kwangu siku ya ukaguzi.

Nimekataa kusaini. Tarishi ni mzee mpole, kasema mwanangu, hii ni barua tu. Nikamjibu sisaini nisichokijua. Kasema basi fungua ukijue. Mpole, ndiyo, lakini nani kamtuma? Kaandika kitu kwenye daftari lake, kaiacha bahasha mezani, kaenda zake.

Nimeisukuma chini ya rundo la sita kwa ncha ya kalamu. Alama za vidole vyangu hawazipati.

Jumatano, 11 Juni

Nimeingia asubuhi, bahasha iko juu. Juu kabisa, imenyooshwa sambamba na ukingo wa meza. Katika jengo hili zima nani mwingine hunyoosha vitu hivyo? Nikamtazama Bi Rula. Anachonga penseli kama hana habari.

Nikangoja atoke. Nikamtumbukizia bahasha kwenye trei yake, katikati ya barua zake, nikarudi kitini na kupiga mluzi mdogo. Nilijisikia mtu mzito.

Saa tano imerudi kwangu. Safari hii ina kijikaratasi cha njano: Kaka, tafadhali ifungue leo. Umeona? Anataka niifungue. Ushahidi gani zaidi ninaohitaji? Baadaye kanisogelea, kaninong'oneza kwamba yaliyomo hana ruhusa kuyasema, ila kesho saa sita mchana ndiyo mwisho.

Mwisho wa nani? Sasa tumefika kwenye vitisho.

Alhamisi, 12 Juni

Siku yangu ya akili. Mwisho wa korido kuna kabati la chuma, namba sita, lenye kitasa kibovu. Kufunga linafunga, kufunguka ndiyo haliwezi, kwa hiyo hakuna anayelisogelea. Mlango wake huachwa wazi siku zote. Wenzangu walipokwenda chai nikabeba. Safari kumi na nne, shati limelowa. Marundo yote saba, na bahasha juu yake. Nikausukuma mlango kwa bega mpaka ukalia kwi.

Nikafuta meza kwa leso. Kumbe ni ya kahawia! Miaka kumi na moja nilidhani ni ya kijivu.

Bi Rula karudi, kaitazama meza, kaniuliza bahasha iko wapi. Nikamuuliza bahasha gani. Kakaa chini, kashika kichwa kwa mikono miwili. Saa sita ikafika, ikapita. Sikupatwa na lolote. Nimemshinda mchana kweupe, kwa unadhifu wake mwenyewe.

Mke wangu kasema mama yake anakuja kesho kutupongeza. Nimemwambia aje tu.

Ijumaa, 13 Juni

Mkuu wa Utawala kapitisha kiganja juu ya meza yangu, kakitazama kiganja, kanisifu mbele ya wote. Nikamtupia Bi Rula jicho. Hakunitazama.

Kisha yule mama kainama, kaniuliza kwa sauti ya chini kwa nini nimekikataa cheo. Nikauliza cheo kipi. Kasema kile cha kwenye barua niliyoletewa Jumanne. Nilitakiwa kujibu kabla ya jana saa sita. Hakuna jibu, na daftari la tarishi limeandikwa: mhusika amekataa kupokea. Alidhani naringa.

 Nikasema naileta sasa hivi. Kabati halikufunguka. Akaitwa fundi, akaja na nondo. Mlango ulipong'oka, marundo saba yakamwagikia viatu vya Mkuu wa Utawala, na bahasha ikateleza mbele, imefungwa vilevile ilivyokuja.

Kaifungua mwenyewe, kanisomea. Nimeteuliwa kuwa mkuu wa masjala kwa pendekezo la Bi Rula. Aliandika kwamba hakuna anayeyajua mafaili kama mimi, na kwamba meza yangu isiwe kikwazo, yeye atanisaidia kuipanga. Nikaomba nisaini hapohapo. Mama kasema tarehe ni tarehe. Cheo kimeenda kwa jina la pili, na jina la pili ni Bi Rula.

Niliumia. Sifichi, niliumia sana. Nilikaa kwenye ile meza tupu nikashindwa hata kushika kalamu. Bi Rula kapiga magoti sakafuni, anaokota faili moja moja.  Heri angenitukana.

Nyumbani mama mkwe alikuwa amekwishafika, kavaa nguo zake za kutokea. Nikaeleza. Kaniuliza mara mbili: bahasha ilikuwa na jina lako, baba, na hukuifungua? Nikasema ndiyo, mama. Kamgeukia binti yake, kamtazama muda mrefu. Mke wangu kainuka kwenda kuangalia jikoni, ambako hakukuwa na kitu motoni.

Jumatatu, 16 Juni

Bi Rula kahamia chumba cha mkuu. Kaniita. Kasema hana kinyongo. Atawaomba wakubwa waunde nafasi ya msaidizi, na jina langu ndilo atakaloandika. Halafu kasema amegundua kiti changu kinaniumiza mgongo, nichukue kile chake cha zamani, cha kuzunguka, chenye mto. Nikamwambia ahsante sana dada, Mungu akubariki. Kidogo nilie.

Nimekikalia. Kinazunguka vizuri. Vizuri mno.

Mtu uliyemkosea vile anakupa kiti cha nini?

Nimekigeuza miguu juu. Nimefungua skrubu nane, nimetoa magurudumu matano, nimepasua mto na kuchambua sponji yake yote juu ya meza. Mpaka saa ya kutoka sijaona kitu. Amekificha vizuri kweli, mwanamke yule.