Msalaba Mlioliwekea Neno la Mama Yangu

Kwa Mheshimiwa Profesa, Mkuu wa Kamusi ya Asili ya Maneno,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Genowefa Ostaszuk, mama wa watoto watatu, wa kijiji cha Motyczki huku Podlasie. Shule niliishia darasa la nane, kwa hiyo nivumilieni nikikosea; nyinyi, naona, hamkosei. Padre wetu Zenon alituletea kijitabu chenu, na ukurasa wa arobaini na moja umenifanya niunguze viazi vya watu sita.

Neno lenyewe ni snować, yaani kutanda zile nyuzi za urefu kabla ya kufuma zulia. Mama yangu, Marcjanna, ana miaka themanini na minne na hana neno lingine la kazi hiyo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mbele ya babu wa neno hili, *snovati, mmeweka nyota. Huku kwetu nyota huchongwa kaburini mbele ya tarehe ya kuzaliwa, na msalaba mbele ya tarehe ya kufa. Nikatafuta tarehe, hakuna. Padre akanicheka: "Genowefa wewe! Hiyo nyota maana yake hakuna aliyewahi kuliona limeandikwa. Wamelikisia kwa kuwatazama wajukuu wake." Hongereni. Sisi mtoto habatizwi bila msimamizi. Nyinyi mmejipatia mzee wa miaka elfu moja na zaidi bila shahidi hata mmoja.

2. Kisha mmegawa urithi wa maana zake. Warusi wamepewa kukimbia huku na huko. Waslovenia, kupanga mipango. Watu wa Warszawa, kusokota ndoto. Yaani walioutupa uzi wakaondoka ndio warithi, na aliyebaki kwenye kitanda cha kufumia hakuachiwa kitu.

3. Mmeenda kutafuta ndugu mpaka kwenye baridi za Kaskazini, eti na wao walikuwa na neno la kusokota. Ndugu hao hatujawaona hata msibani.

4. Sasa hili. Kando ya jina la kijiji chetu mmeweka msalaba: neno hili huku kwetu limekufa. Limekufa! Mama hulitamka kila siku ya Mungu. Jirani yetu Pelagia alipousoma ukurasa huo alipaza sauti dirishani: "Bibi Marcjanna! Umezikwa lini, mbona hatujala keki ya matanga?" Kijiji kizima kilicheka. Mama hakucheka. Alifunga dirisha.

5. Kama limekufa, fuateni taratibu. Cheti cha kifo kiko wapi? Misa ya wafu nani aliiomba? Zulia lililo mbele ya altare ni kazi ya Mama. Je, Padre aliondoe, kwa kuwa ni mali ya marehemu? Na Siku ya Marehemu tuje kuwasha mishumaa mlangoni kwenu? Basi la parokia lina viti arobaini, na kina mama wa Rozari wanajua kuimba kwa sauti.

Naomba, kwa heshima yote mnayodhani mnastahili, mfute msalaba huo Mama angali hai, auone umefutwa kwa macho yake.

Nawasalimu wote hapo ofisini, mabinti wa maktaba, anayewachemshia chai, na wazazi wenu pia, kama mnao na mnawaacha waseme.

Ni mimi katika Kristo,
Genowefa Ostaszuk

N.B. Barua hii nilikuwa nimeshaifunga. Nikaenda kuungama, Padre akaniambia niifungue. Yule dada mwenye kinasa sauti mliyemtuma Oktoba, nilimpokea mimi. Mama alikuwa amesimama penye nyuzi zake, akaanza kwa furaha, "Njoo, mwanangu, nikuonyeshe tunavyo..." Nikamkatiza: "Mama, acha maneno ya kishamba, unatuaibisha mbele ya mgeni." Nikamwambia yule dada kwamba hapa hakuna tena anayesema hivyo, tunasema kama redioni. Akaandika. Tangu siku hiyo Mama hutanda nyuzi zake kimya, na nikimuuliza anafanya nini, hunijibu, "Hivi hivi tu." Lile la kila siku ya Mungu ni uongo wangu. Msalaba uacheni. Ila mtumeni tena yule dada, aje Jumatano asubuhi. Mimi nitakuwa sokoni.