Mwanafunzi Mzee Aomba Tarehe ya Mtihani wa Barabarani

Leo ni tarehe tisa, mwezi wa sita, mwaka wa ishirini na sita tangu niondoke kwetu.

Kwa Ndugu Mkuu wa Kituo cha Mitihani ya Udereva,

Nakuandikia kwa heshima na kwa kalamu, kwa sababu njia nyingine zote nimeshazijaribu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia na mwanafunzi wa udereva. Mtihani wa alama za barabarani nilifaulu zamani. Umebaki ule wa vitendo, ambao siuogopi. Kinachonishinda ni kupata siku ya kuufanya.

Leseni naitaka kwa sababu moja. Kwetu nilitoka nimelala chini ya turubai la lori, katikati ya magunia, nikapita kwenye mito na milima niliyoifundisha miaka yote bila kuona hata mmoja. Nataka kurudi kwa njia ileile, mchana, macho wazi, usukani nimeushika mwenyewe. Malalamiko yangu ni haya:

1. Dirisha lenu hunielekeza mtandaoni, na mtandao wenu hunielekeza dirishani. Karani, kijana mwenye adabu, huniambia, "Mzee wangu, siku hizi kila kitu mtandaoni." Nikifika huko naandikiwa kwamba mwenye tatizo afike dirishani. Nimekwenda na kurudi mpaka mlinzi wa getini hanipekui tena. Juzi aliniomba nimshikie zamu akanywe chai. Nilimshikia, na nikawarudisha watu wawili mtandaoni.

2. Kibali cha mwanafunzi hudumu miezi mitatu. Foleni ya mtihani ni miezi minne. Kibali kikiisha nakihuisha, na mtambo wenu, ukikiona ni kipya, unanihesabu mgeni na kunirudisha mkiani. Nilimuuliza karani ni nani basi huwahi kufika mbele. Alifikiri kwa uaminifu, akasema, "Wapo, mzee. Ni wale wanaoangukiwa na nafasi za waliokata tamaa." Mshonaji mmoja wa sare, ambaye hupanga foleni nyuma yangu na ameahidiwa kazi ya kusambaza mizigo akipata leseni, huniuliza habari za afya yangu kila wiki. Sasa nimeelewa kwa nini huuliza kwa shauku vile.

3. Sheria yasema mwanafunzi asiendeshe bila mwenye leseni kando yake. Wangu ni mwanangu wa kiume, fundi wa lifti. Zamani alikuwa akija siku moja moja, anakaa ukingoni mwa kiti, anajibu simu, anaaga. Sasa kila Jumamosi mmemfunga mkanda kando yangu asubuhi nzima, na simu haigusi kwa kuwa anaiogopa miguu yangu. "Baba, hiyo ni klachi. Haikanyagwi kama mende." Nikienda polepole hunisuta: "Mzee, tunaendesha au tunasindikiza maiti?" Tukiegesha kupumzika baina ya koni za uwanja wenu wa mazoezi, huanza kuniuliza mambo: marehemu mama yake alikuwa akicheka vipi, nyumba yetu ilitazama upande gani, baada ya daraja njia hukata wapi. Adhuhuri hutukuta bado tumekaa, injini imezimwa. Haya, Ndugu Mkuu, ni matumizi mabaya ya fundi, wakati watu wamekwama ghorofani.

4. Kwa hiyo napendekeza mjukuu wangu, ambaye bado anatambaa, aandikishwe leo, ili tarehe yake na urefu wa miguu yake vifike pamoja. Nami nikifia kwenye foleni, nafasi yangu irithiwe kama shamba, na kaburi libandikwe kibao cha mwanafunzi, nisije nikashitakiwa huko niendako kwa kusafiri bila msindikizaji.

Naomba tarehe. Iwe yoyote, hata ya mvua kubwa. Nisalimie karani, mlinzi, mwenye kuzipanga koni, na wote wanaongoja pamoja nami.

Ni mimi, mwenye subira isiyo ya hiari,
Mwalimu Mstaafu,
Mwanafunzi wa Udereva

Baada ya sahihi: Nimeifungua tena bahasha. Nilikuwa naileta barua hii posta, mwanangu kando yangu, ujumbe wenu ulipoingia kwenye simu yangu. Nilipoegesha akanisomea: kuna mtu amejitoa, mtihani wangu ni Jumanne. Akanipa mkono. "Hongera, Baba. Basi leo ndiyo Jumamosi yetu ya mwisho." Lakini mkanda hakuufungua.

Tafadhali, hiyo Jumanne mpeni aliye nyuma yangu. Mimi nirudisheni mkiani, na kibali kikiisha nitakuja kukihuisha. Mtambo wenu msiutengeneze kwa sasa. Njia ile mwanangu anaijua, nimeshamweleza mto kwa mto. Mimi kwetu sitarudi.