Ombi la Kurudishiwa Picha Mbovu

Karangsuwung, Gunungkidul
Tarehe 13 Februari 2023

Kwa Pak Hendrasmara,
Mkuu wa Kituo cha Kurushia Matangazo, Mlima Tawing

YAH: PICHA YA TELEVISHENI KUWA SAFI KUPITA KIASI

Pak Hendrasmara ninayekuheshimu,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii itakukuta wewe, mama wa nyumbani kwako, na wafanyakazi wako wanaopanda mnara, mkiwa na afya njema. Mimi ni Bu Tukinem, mjane wa marehemu Pak Sarjiyo, wa nyumba ya mwisho kabla ya makaburi, upande wa nyuma wa mlima wenu. Hatujuani kwa sura, lakini kwa miaka mingi wewe umekuwa ukirusha na mimi nimekuwa nikipokea, kwa hiyo naona si vibaya nikikuandikia.

Nilimwonyesha Pak RT wetu, mkuu wa mtaa, nakala ya kwanza ya barua hii ili anigongee muhuri. Aliisoma mara mbili, akasema, "Bu Tukinem, wenzako wanalalamikia barabara. Wewe unalalamikia picha nzuri?" Nikamjibu, ndiyo, Pak, kila mtu na linalomuuma.

Nieleze kwanza ilivyokuwa. Kwa kuwa mlima umesimama kati ya mnara wenu na nyumba yetu, mawimbi yalitufikia yakiwa yamechoka. Picha ilijaa chenga, ambazo sisi tunaziita sisimizi, na sauti ilikuwa kama ya mtu anayekaanga tempe za soya. Mume wangu alifunga antena juu ya mwanzi mrefu, akausimika uani karibu na dirisha. Kila jioni yeye alikuwa nje akiuzungusha, mimi ndani nikikodolea kioo.

"Tayari, Bune?"

"Bado."

"Sasa?"

"Ilikuwa tayari, umeipita. Rudi kidogo. Kidogo, Pakne, si mpaka Semarang."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya jioni, Bune mimi, Pakne yeye. Kama tuliwahi kuzungumza mengine saa hizo, siyakumbuki vizuri.

Baadaye tukagundua kwamba picha hutulia yeye akiwa ameushika mwanzi, na akiuachia tu, sisimizi hurudi. Tulijaribu kuweka vitu vingine mahali pake. Tulitundika ndoo ya maji, tukaegemeza jembe, tukafunga mbuzi. Mbuzi alisaidia sauti tu. Basi mume wangu akakubali kusimama. Taarifa ya habari, tamthilia, badminton, vyote alivitazama kupitia dirishani, mkono wa kushoto kwenye mwanzi, wa kulia na glasi ya kahawa. Mvua ikinyesha alijifunika mfuko wa mbolea. Radi ikianza nilimwita aingie, akaingia akinung'unika, na habari za nchi zikasubiri.

Jirani yetu Pak Wakijo hakuwahi kupita bila neno. "Sarjiyo," alikuwa akisema, "una wake wawili na hujatuambia. Yule wa ndani umemwachia mkeka, huyu umemshika kiuno."

"Huyu hanitumi dukani," mume wangu alimjibu.

Alifariki mwezi Machi mwaka jana. Mwishoni mwa mwaka huo mkazima mawimbi ya zamani, na fundi aitwaye Mas Gunardi, mtu mnene mwenye adabu, akaniletea king'amuzi. Alichomeka nyaya, picha ikatokea safi kama maji ya kisimani. Nikamuuliza, na nani atashika mwanzi? Akacheka. "Hakuna, Bu. Hii haihitaji mtu. Mwenye nyumba alale tu, picha inakuja."

Hakuwa na habari zetu, kwa hiyo sikumlaumu. Nilimpa chai.

Sasa malalamiko yangu, Pak, ni haya yafuatayo:

1. Kwamba mume wangu ameachishwa kazi bila taarifa. Najua utasema alikuwa amekwisha kufariki. Ni kweli, lakini nafasi yake ilikuwa bado ipo. Kila jioni nilikaa mbele ya sisimizi nikajua wamekuja kwa sababu Sarjiyo hayupo. Mtu yeyote akiingia angeona kwamba nyumba hii inamkosa mtu. Sasa akiingia anaona picha nzuri, ananipongeza.

2. Kwamba watangazaji wenu wamebaki wapweke. Mas Gunardi alinieleza kwamba zamani wimbi moja lilitujia moja kwa moja na jingine lilikwenda kwanza kugonga mlima mwingine ndipo likaja, likachelewa kidogo, na ndiyo maana kila mtu kwenye kioo alikuwa na kivuli chake upande wa kulia. Sisi hatukujua kwamba ni kasoro. Msomaji wa habari alikuwa na mwenzake. Bibi harusi wa tamthilia alikuwa na bibi harusi mwingine nyuma yake, na mimi na mume wangu tulibishana ni yupi atakayeachwa. Leo yule dada wa habari anasoma mafuriko na ajali akiwa peke yake kabisa. Nimeishi hivyo karibu mwaka mzima na simtakii. Siombi makubwa. Mpeni japo mtu wa kukaa naye.

3. Kwamba picha inachelewa. Nimeambiwa siku hizi picha na sauti kwanza hugeuzwa kuwa hesabu, hesabu zikabanwa zikawa ndogo, zikarushwa, kisha king'amuzi changu kikazikunjua na kuzigeuza tena kuwa watu. Kazi hiyo ina muda wake. Kwa hiyo adhana ya magharibi inapotoka kwenye redio ya Pak Wakijo, kwangu jua bado halijazama. Mimi hufunga Jumatatu na Alhamisi tangu msiba. Kupitia ukuta namsikia Pak Wakijo akitafuna tende, na mimi, kwa mujibu wa kituo chenu, bado nimo kwenye saumu. Naomba nifahamishwe thawabu za sekunde hizo zinaandikwa kwa nani. Kama hazina mwenyewe, naomba zipelekwe kwa marehemu. Nilimuuliza Pak Modin wa msikiti wetu. Akasema hilo ni suala la ufundi, nikuulize wewe.

4. Kwamba ikiharibika, haiagi. Picha ya zamani ilidhoofika polepole, sisimizi wakiongezeka, mtu akapata muda wa kujiandaa. Ya sasa iko nzima, watu wanacheka, halafu inakatika vipande vya mraba na kuwa nyeusi. Nimekwisha kuona jambo la namna hiyo mara moja, mwezi ule wa Machi, hapo jikoni kwangu, na sitaki kuonyeshwa tena kila mvua inaponyesha.

5. Hili ndilo kubwa, na naomba ulisome ukiwa umekaa. Mas Gunardi alinieleza kwamba ili hesabu zisiwe nyingi, kituo hakitumi picha nzima kila mara. Kinatuma tu kilichobadilika. Mdomo wa msomaji wa habari ukisogea, mnatuma mdomo. Ukuta ulio nyuma yake hamuutumi tena, kwa sababu haujasogea, na king'amuzi kinaendelea kuuonyesha kwa kuukumbuka tu.

Nilipolisikia hilo sikulala vizuri, Pak. Mume wangu alisimama dirishani kwangu, mahali pale pale, mkono juu ya mwanzi, kwa miaka yote hiyo. Ukuta wenu haumfikii kwa kutosogea. Kama utaratibu ni kwamba kisichobadilika kinabaki, yeye alitolewa kwa utaratibu gani? Sikupokea taarifa yoyote kwamba amesogea. Mimi mwenyewe nikitazama dirisha hilo jioni namwona bado, kama king'amuzi kinavyouona ukuta, lakini nimechoka kufanya kazi hiyo peke yangu, na kumbukumbu yangu si ya kiwandani. Juzi nilishindwa kukumbuka kahawa aliishika kwa mkono upi, ikanibidi nitoke nje nisimame kwenye mwanzi ndipo nikapata kwamba ni wa kulia.

Kwa sababu hizo naleta ombi langu. Mwezi ujao tunamfanyia hitima ya mwaka. Wewe ni mtu wa Java, unajua desturi. Pamoja na dua na sinia za wali, tunaweka mezani vile marehemu alivyovipenda, kwa sababu jioni hiyo anakuja kutazama nyumba yake. Pak Modin halipendi sana jambo hili, ingawa kwenye kila hitima hula zile tempe za mezani. Kahawa chungu ninayo. Sigara za karafuu ninazo. Kinachokosekana ni picha mbovu.

Fikiri mwenyewe. Anakuja kutoka hapo makaburini, si mbali. Hapiti mlangoni, hakuwahi kupita mlangoni saa za habari. Anakwenda moja kwa moja kwenye mwanzi, anaushika, anachungulia dirishani, na picha tayari ni safi. Anauachia, bado ni safi. Mwanangu Prihanto aliniambia, "Mama, Baba atafurahi kuona tumeendelea." Prihanto ana miaka arobaini lakini hajawahi kushika antena. Baba yake hatafurahi. Atasimama pale kidogo kwa adabu, kisha ataondoka, na mwaka wa pili hatakuja, kwa sababu si mtu wa kujipeleka pasipo na haja naye.

Kwa hiyo naomba kituo chako kiwashe mawimbi ya zamani kwa jioni hiyo moja, kuanzia magharibi hadi watu watakapoondoka na sinia zao. Si lazima kwa wilaya nzima. Nyumba yangu tu inatosha, na mkiona haiwezekani kulenga nyumba moja, basi na ya Pak Wakijo, naye ajifunze kungoja picha itulie. Kama mitambo ya zamani imekwisha kuuzwa, naomba mpanda mnara wenu mmoja aizuie ile mpya kwa mwili wake, awe mnene, hata Mas Gunardi anafaa. Na kama hilo pia ni gumu, tumeni barua rasmi yenye muhuri isemayo kwamba Pak Sarjiyo wa Karangsuwung alikuwa sehemu ya mtambo. Nitaisoma kwa sauti karibu na dirisha.

Nakushukuru kwa uvumilivu wako. Nisalimie mama wa nyumbani kwako, watoto, walinzi wa getini, na yule dada wa habari za jioni. Mwambie rangi ya kijani inampendeza, sasa naiona. Huku Prihanto anakusalimu, Pak Modin anakusalimu. Pak Wakijo ameniambia nisimtaje.

Wako katika kupokea,

Bu Tukinem, mjane wa Sarjiyo

N.B. Barua hii imekaa nyumbani siku kadhaa kwa sababu Pak RT alikwenda harusini na muhuri wake. Katika siku hizo limetokea jambo, na sina budi kulisema.

Jumapili palikuwa na fainali ya badminton ya wasichana wawili wawili. Majirani walijaa kwangu, kwa kuwa kioo changu ni kikubwa. Mchezo ulipoanza nikaona kitu kidogo cheupe kinapaa juu ya wavu, kinarudi, kinapaa tena. Nikamuuliza Pak Wakijo ni nini kile.

"Ni kinyoya, Bu," akasema. "Ulidhani miaka yote hii wanapigana na mbu?"

Watu walicheka, na mimi nikacheka. Lakini ni kweli, Pak, sikuwahi kukiona. Ni cheupe na sisimizi wetu walikuwa weupe. Tuliona wachezaji wakipunga mikono, na mume wangu akajua aliyepata pointi kwa kutazama nani anajifuta jasho. Aliupenda mchezo ule kuliko michezo yote. Alisimama kwenye mvua kwa ajili yake, na kinyoya hakukiona hata mara moja, kwa sababu kama angeingia ndani kukitafuta, picha yenyewe ingeondoka.

Nimelifikiria tangu Jumapili. Nimekuwa nikikuomba umrudishe mtu akasimame uani.

Kwa hiyo naomba usiwashe chochote cha zamani, na kama umekwisha kutoa amri kabla ya kusoma hadi hapa, tafadhali ifute. Jioni ya hitima nitaweka kiti chenye mgongo mbele kabisa ya kioo, na hakuna atakayekikalia, hata Pak Modin. Ninachoomba sasa ni picha iwe safi, safi kuliko kawaida kama mnaweza, na kama mna badminton yoyote, hata ya zamani, iwekeni.

Nanyi mliopo huko juu mnarani, mkimaliza kazi, mkumbukeni Sarjiyo kwa jina. Na mimi pia, mkipata nafasi.