Ramani Nne za Choo cha Mama

Gitega, mtaa wa Waswahili
Jumatano, 11 Februari 1998

Kwa Kaka Uthmani,
Mwuza vitenge na, tangu majuzi, msanifu wa vyoo vya watu wa mbali,
Muyinga mjini.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU BAFU LA NYUMBA YA BABA

Kaka yangu mkubwa, shikamoo.

Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, umekaa barazani pako na penseli sikioni. Sisi huku hatujambo kwa kadiri ya hali, Alhamdulillahi. Idi tumeila salama. Mama yupo, ila miguu.

Baada ya salamu, naomba uniwie radhi kwa kukusumbua katika kazi zako nyingi za uchoraji. Jana Waziri, dereva wa kamioneti, alifika na msafara kutoka kwenu akanikabidhi bahasha yako. Nikadhani ni barua. Kumbe ni mistari miwili mitatu na ramani ya bafu, ya nne, uliyoichora nyuma ya kalenda ya mwaka juzi. Nimeitazama kwa heshima zote anazostahili kaka mkubwa, nikaigeuza chini juu, nikaitazama tena. Hapo ndipo nilipoamua kuchukua kalamu.

Kwa faida ya watoto wako, ambao huenda ukawasomea barua hii, nieleze jambo lilivyo. Choo chetu kiko mwisho wa ua, pale pale alipokichimba Baba. Kutoka mlango wa nyuma mpaka pale ni hatua ishirini na tatu zangu mimi, na za Mama ni hamsini. Saa za couvre-feu, za amri ya kutotoka nje usiku, hakuna mwenye akili anayezipiga hatua hizo. Kwa hiyo nimeamua kukigeuza kile chumba cha katikati, alichokuwa Baba akiweka ngozi zake, kiwe bafu na choo. Fundi ninaye, Zihalirwa, Mkongomani wa Kivu ya Kusini aliyekimbilia huku, mwashi mwenye mkono ulionyooka. Matofali yameletwa kwa baiskeli kutoka Mutaho. Simenti mifuko sita nimeipata katika vikwazo hivi vya biashara kwa kumshonea mwenye duka nguo za Idi za nyumba nzima. Ukuta wake mmoja umeshabomolewa ujengwe upya, tumetundika shitingi, turubai la plastiki. Lakini Mama amekataa katakata tofali lisiwekwe katika nyumba ya Baba mpaka Uthmani aseme ndiyo. Na Uthmani hasemi ndiyo wala hapana. Uthmani anachora. Wiki ya tatu sasa Zihalirwa amekalia mchanga wake kama kuku anayeatamia, mvua zinakuja, na mfuko mmoja wa simenti umeanza kuganda.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Mlango. Katika ramani zote nne mlango wa choo unafungukia sebuleni. Umeandika pembeni kwa wino mwekundu: "ili wageni wasipate shida." Kaka, wageni hawatapata shida, ni kweli. Shida tutaipata sisi. Kila mwenye haja atapita mbele ya watu na kopo mkononi, amsalimie huyu, amwulize yule habari za nyumbani, kisha aingie ndani ajitahidi kutotoa sauti huku watu wanakunywa chai ng'ambo ya ubao. Akitoka, awasalimie tena. Mama ni mtu wa haya. Atajizuia mpaka afe, na kwenye arobaini yake wageni wako watasifu urahisi wa mlango.

2. Baignoire, yaani hodhi la kuogea mtu akiwa amelala. Hapa nilicheka, nisikufiche. Maji ya bomba hutoka Jumanne na Ijumaa, tena kwa kusitasita kama bibi harusi. Siku zilizobaki Rachid na Husni wanangu wanabeba madumu. Kuijaza hiyo baignoire, watoto wangeacha shule. Na Mama, ambaye hawezi kunyanyua mguu kuvuka kizingiti, angeingiaje humo? Tumpandishe kwa winchi? Mtaa huu iko baignoire moja tu, ya Abubakari mchinjaji. Tangu aipate haijawahi kuogewa na mtu. Mkewe analoweka mihogo humo, na nakiri kwamba mihogo yake inatoka mizuri.

3. Kibla. Sasa tumefika mahali ambapo kicheko kinakwisha. Katika ramani ya tatu umekiweka choo kinatazama kaskazini, kikiegemea kulia kidogo. Kaka Uthmani, wewe uliyehitimu chuo kabla yangu, uliyekuwa ukinipiga vijiti vidoleni nikikosea aya, ulitaka mama yetu aelekee Kibla akiwa amechuchumaa. Aliyeliona kosa si mimi. Ni Zihalirwa, Mkatoliki mwenye rozari shingoni. Aliishika ramani, akatazama mkeka wa Mama wa kuswalia, akatazama ramani tena, akaniambia kwa upole: "Mama Rachid, hii choo iko inaangalia kule munasalilaka. Mi siko Mwislamu, lakini naona hii haiko muzuri." Nilitamani ardhi inimeze. Baadaye nikaelewa kosa limetoka wapi: umechora kana kwamba mlango wetu mkubwa unatazama ule upande wa mlango wako wa Muyinga. Yaani umesahau mlango wa nyumba uliyozaliwa unatazama wapi. Hilo limeniuma kuliko choo.

4. Dirisha. Unataka bafu lisogezwe upande wa barabara lipate dirisha la mita moja, "kwa hewa safi", na umeandika kwamba bafu lisilo na dirisha ni kaburi. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, kaka, na wewe huko u hai na madirisha yako. Ngoja nikuambie kinachoingia madirishani huku kwetu mbali na hewa safi. Mwezi wa kumi na moja risasi iliingia kwa dirisha la sebule, ikapita kabati la vyombo, ikaenda kujilaza ndani ya gunia la mchele. Mchele tuliupepeta tukaula. Tangu siku ile, milio ikianza, tunalala chini ukumbini, Mama katikati. Kile chumba cha ngozi ndicho pekee ndani ya nyumba kisichopakana na nje, kuta pande zote nne. Ndiyo maana nimekichagua. Nimekipima mwenyewe kwa utepe wangu wa cherehani: tunaenea wote tukijinyoosha, na choo kikiwa pembeni hakimgusi mtu kichwani. Wewe unapima bafu kwa uzuri wake. Mimi ni mshonaji, napima kwa watu watakaoingia ndani.

5. Heshima ya Baba. Umeandika, na Mama akaniomba nilisome mara mbili, kwamba "marehemu Baba hakuwahi kujisaidia chini ya paa analolia chakula." Kweli tupu. Marehemu Baba pia hakuwahi kuambiwa asitoke nje baada ya magharibi. Angeambiwa, angekuwa amechimba choo chini ya kitanda chake na kukisomea dua. Unataka kujua Mama anajisaidia wapi siku hizi? Kwenye ndoo. Mama yetu, aliyetufundisha sisi twahara na twahara ya twahara, anatumia ndoo ya rangi yenye mfuniko, na asubuhi nikija kuichukua anaifunika kwa kanga yake na kuniomba msamaha. Kila asubuhi ananiomba msamaha, Uthmani! Mimi niliyekojoa mgongoni kwake miaka miwili! Juzi nilimkuta anajaribu kuitoa mwenyewe kabla sijaamka ili nisiione. Ikammwagikia miguuni. Alikaa chini pale pale akalia. Nami nikalia, kwa hasira, na hasira hiyo ilikuwa juu yako wewe.

6. Njia. Unasema huwezi kuja kulitazama bafu kwa sababu njia ni mbaya. Sikatai, njia ni mbaya, watu wanakufa humo. Lakini Waziri hupita kila wiki. Vitenge vyako hupita. Ramani nne zimepita njia ambayo mwenye ramani haipiti. Mama mmoja kutoka Gashoho alipita mwezi jana na mtoto mgongoni na mbuzi mkononi, na mbuzi alifika salama. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na choo usichokichuchumalia usikichore.

Kutokana na hayo, naleta mbele yako maombi yangu, kwa adabu na kwa mpango.

Kwanza, kuanzia leo mambo ya choo yaamuliwe kwa haki, kila mtu awe na sauti kulingana na mara alizokitumia. Nimepiga hesabu tangu afariki Baba, miaka sita. Mama, kwa mara nne kwa siku, ana sauti elfu nane mia saba na sitini. Mimi na wanangu tuko nyuma yake kidogo. Wewe ulikuja mazikoni, ukakaa siku tatu, na kwa kuwa ulilalamika umefunga choo, nakuandikia sauti mbili. Kwa hesabu hiyo, hata yule kuku wa Abubakari anayeingia uani kwetu bila hodi ana haki ya kusikilizwa kabla yako. Yeye angalau huacha kitu.

Pili, ukiona hesabu hiyo si ya haki, uje. Tutakuchorea chaki sakafuni mahali ulipokiweka choo chako, uchuchumae hapo saa nzima mbele ya mashahidi, mlango wa sebuleni ukiwa wazi na wageni wanakunywa chai. Ukistahimili, nitajenga ramani yako, pamoja na baignoire, na nitamwomba Imamu aje aifungue.

Tatu, ukishindwa yote mawili, uandike karatasi yenye saini mbele ya wazee wa msikiti wa huko, kwamba wewe Uthmani umejivua haki zote za kusema, kuchora, kushauri na kuguna katika jambo la bafu hili, wewe na kizazi chako. Asiyekuwapo na lake halipo. Karatasi hiyo mpe Waziri. Usimpe kitu kingine chochote, hasa kalenda.

Nisalimie wifi Aisha, mwambie ile gauni yake iko tayari, imebaki vifungo. Salamu kwa watoto wote, mmoja mmoja, na kwa Bi Raissa jirani yako, na kwa wote wanaotuulizia hapo sokoni. Rachid na Husni wanakuamkia. Zihalirwa naye anakusalimu kama fundi kwa fundi. Hilo neno ni lake, mimi nisingelitumia.

Mdogo wako akuheshimuye, na ambaye leo ameichoka heshima yenyewe,

Kulthumu

N.B. Nilikuwa nimeshaifunga bahasha. Waziri alipokuja kuichukua nikamfokea, nikamwambia ni aibu mtu mzima kubeba michoro ya vyoo kwenye njia ya risasi. Akanitazama kwa mshangao: "Mais Mama Rachid, si ni maman mukubwa mwenyewe ananitumaka? Kila mara ananiambia: mwambie Uthmani hii haijapendeza, achore ingine."

Nikaenda chumbani kwa Mama. Hakukana. Ramani zote nne ziko chini ya mto wake, na zile barua ulizoambatanisha, mistari miwili mitatu kila moja, ameniomba nimsomee hata sijui mara ngapi. Sasa naelewa kwa nini. Ameniambia: "Alikaa miaka miwili bila kuandika neno. Kwa bafu hili ameandika mara nne. Likiisha, atanyamaza tena." Nikamwuliza, na ndoo je, Mama? Akasema ndoo anaiweza.

Kwa hiyo, kaka, hayo yote niliyoandika ni kweli, na uyaache. Usiandike karatasi yoyote ya kujivua. Tumebishana na Mama mpaka adhuhuri, mwisho amekubali kazi ianze kesho kwa sharti moja: mahali pa lavabo, sinki la kunawia mikono, pasiamuliwe. Pale ukutani Zihalirwa ataacha wazi, bila lipu. Lavabo, anasema Mama, ni jambo gumu, halitaki haraka, na mwenye kulijua ni wewe. Andika, Uthmani. Andika marefu.